Mashine Zilizomngoja Mgeni Rasmi

Nimestaafu. Nyie mliobaki ofisini mmenibana niandike uzoefu wangu, na nawajua, mnachotaka ni kuelezwa mtu anapandaje cheo. Sielezi. Cheo hakina hadithi. Unapanda kwa sababu aliyekuwa juu yako amehamishwa au amezikwa. Mimi nitasema habari ya kazi yenyewe, ya kuwatafutia watu wa Ruangwa na Nachingwea ujuzi wa kuwaweka mjini na shambani, na jinsi kazi hiyo inavyoharibiwa na watu waliochomekea mashati. Atakayekasirika na akasirike. Hakuna tena wa kunihamisha.

Siku ya kwanza niliripoti Ruangwa, afisa maendeleo ya jamii mpya, nimevaa viatu vya kisigino, mkoba kwapani, nywele zimenyooka kwa kitana cha moto. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Chiwalala, Mmwera mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Hakunitazama usoni. Alinitazama miguuni, kisha akasema, "Binti, umekuja kazini au harusini?" Nikasema nimekuja kazini. Akasema, "Basi hivyo viatu viache hapa, vitunze ofisi. Sisi tunakwenda kijijini." Nilikwenda kijijini na kandambili za mhudumu wa ofisi, na moja ilikatika njiani.

Mzee Chiwalala alikuwa na sanduku la mbao alilolifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Ndani mlikuwa na spana, bisibisi, mkasi wa kukatia nguo, sindano ya kushonea magunia na tupa ya kunolea majembe. Hicho ndicho kilikuwa chuo cha ufundi cha wilaya nzima. Na kabla ya kuitisha mafunzo yoyote, kijiji chochote, alikuwa na swali lake moja ambalo mimi nililiona la kizee: "Mwezi huu watu wanaamkia wapi?" Akiambiwa wanaamkia kwenye ufuta, anawasha pikipiki anarudi. Siku moja nikamuuliza kwa nini tunarudi bure na mafuta tumechoma. Alinijibu kwa hasira, "Ufuta ukikauka unapasuka wenyewe. Ukimwita mtu aje akusikilize wakati ufuta wake unapasuka, unamwita akutazame mdomo huku mali yake inamwagika chini. Wewe ungekuja?" Nisingekuja.

Alipostaafu yeye, lile sanduku lilibaki kona ya ofisi mpaka mtu akaligeuza stuli. Ndipo wakaja wataalamu.

Jamani, wataalamu! Walikuja na magari meupe, na maji ya chupa, na neno "ujasiriamali", ambalo walilitamka kana kwamba watu wa huku walikuwa wamelala tangu dunia iumbwe, hawajawahi kuuza hata muhogo. Na ujasiriamali wenyewe ulikuwa nini? Sabuni ya maji. Chiola, sabuni ya maji. Mtua, sabuni ya maji. Walemavu, sabuni ya maji. Wajane, sabuni ya maji. Vijana waliomaliza kidato cha nne na kufeli hesabu, sabuni ya maji ya rangi ya kijani. Ikafika mahali kijiji kizima kinatengeneza sabuni, kila nyumba ina ndoo, na jirani anamtazama jirani nani atamnunulia nani. Mimi kwangu nilikuwa na madumu yake mpaka chini ya kitanda. Ukienda kijijini lazima uwaungishe, si wewe ndiye Mama Maendeleo!

Kituko kilikuwa Ruponda. Wakati huo Wasukuma walikuwa wameshaanza kuingia na ng'ombe zao, na mtaalamu mmoja akasema lazima "jamii ya wafugaji" nayo ifikiwe. Sawa, tukaifikia. Tulikuta kina mama wamekaa kivulini wanatungoja, na mzee wao, Maduhu, amesimama na fimbo yake. Mtaalamu akapanga ndoo zake, akavaa glavu, akasema kwa furaha, "Sasa tuleteeni maji." Maduhu akauliza, "Maji ya nini?" "Ya kutengenezea sabuni." Maduhu akageuka kwangu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, huyu kijana hajaona kwamba maji tunayafuata na mkokoteni? Na hiyo sabuni ikishaiva, tutaiogea na nini?" Mtaalamu akacheka akidhani ni utani wa Kisukuma. Haukuwa utani. Tulirudi na ndoo zetu, na kwenye ripoti yake aliandika kwamba wafugaji wana mwamko mdogo.

Hayo ya mwamko nimeyasoma sana. Wanaita mafunzo wakati wa kuokota korosho, watu hawaji, basi wanaandika kwamba vijana wa Kusini ni wavivu. Mtu ameamka alfajiri, ameinama chini ya mikorosho mpaka kiuno kinalia, halafu aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka anamwita mvivu! Niliwahi kumwambia mmoja wao, njoo uokote nami asubuhi moja tu. Alisema ana mgongo.

Sasa nije kwenye ile habari ya mashine, ambayo wengi wenu mmeisikia ikisimuliwa vibaya.

Miaka yangu ya mwisho Nachingwea ulikuja mradi wa vijana. Jina lake silitaji, na naamini wenyewe walishalisahau. Safari hii, lazima niseme, wazo lilikuwa zuri, kwa sababu halikuwa lao. Lilitoka kwa wakulima. Wakulima walilia kwamba mashine za kupulizia mikorosho zikiharibika hakuna wa kuzitengeneza karibu, na mwenye mashine nzima hana muda wa kumpulizia mwenzake. Mnajua wenyewe, mkorosho ukitoa maua bila kupigwa salfa, ule unga wa dawa wa manjano, ubwiri unga unayavamia, maua yanageuka majivu, na hapo umemaliza mwaka. Basi mradi ukanunua mashine mpya za kubeba mgongoni, zile za petroli, kwa ajili ya vikundi viwili, kimoja Chiola na kimoja Mtua. Vijana wafundishwe kuzitumia na kuzitengeneza, msimu ukifika wazunguke mashambani kwa malipo. Nilifurahi. Nilisema moyoni, Mzee Chiwalala angekuwepo angefungua sanduku lake.

Mratibu wa mradi alikuwa kijana wa kutoka Dar, Bwana Evarist, nadhifu, ana tabasamu la picha ya pasipoti. Alipopanga majina, pale ofisini Nachingwea, aliweka wanaume kwenye mashine na wanawake kwenye cherehani. Katika hao wanawake kulikuwa na Somoe wa Chiola, binti aliyeachika na kurudi kwao na mtoto mgongoni. Alinyoosha mkono. "Mimi cherehani siitaki. Naomba mashine." Evarist akamwambia, kwa lile tabasamu lake, kwamba mashine ni nzito kwa akina dada. Somoe akamtazama, akasema, "Kaka, huyu mtoto nimembeba tangu Chiola mpaka hapa. Hiyo mashine yako inazidi mtoto na ndoo ya maji?" Watu wakaangua kicheko. Nikamwandika kwenye mashine mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Nilikuja kujua baadaye kwa nini alikuwa king'ang'anizi vile. Mama yake alikufa akaacha shamba la mikorosho. Kwa mila za huku shamba la mama lina msimamizi, naye ni mjomba. Na mjomba wake, Mzee Mnali, si mtu mbaya ila ni mtu wa hesabu fupi. Nilimfuata nyumbani kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akasema bila kuzunguka.

"Mama Maendeleo, mimi na huyu mwanangu hatuna ugomvi. Ila mikorosho inaumwa. Msimu uliopita haikupigwa salfa, tukaokota za kula na chai. Sasa kuna bwana anataka kuikodi, aitunze yeye, avune yeye, misimu kadhaa. Akishaingia, Somoe atakaa wapi, atalima wapi? Najua. Lakini shamba likifa ndiyo nani atakula?"

Nikamwambia Somoe anajifunza mashine, avumilie.

"Mashine iko wapi?" akauliza. "Nimepita pale mnapofundishia. Nimemkuta amesimama na wenzake wanavuta upepo."

Alisema kweli, walikuwa wanavuta upepo. Nieleze, maana huu ndio ugonjwa wetu na nyie mnaumwa pia. Mashine zilipofika, zilifungiwa stoo, ndani ya nailoni zake, mpaka mgeni rasmi aje kuzikabidhi. Mtu asiziguse. Zikichafuka, picha itaharibika. Fundi Hamisi, aliyeajiriwa kufundisha, alipewa chaki. Alichora mashine ubaoni: hapa tangi, hapa kabureta, hapa plagi, hapa kamba ya kuwashia. Kisha anasema, "Haya, vuteni!" na watu wazima wanasimama katikati ya darasa, mikono hewani, wanavuta kamba isiyokuwepo. Anawauliza, "Imewaka?" Wanajibu, "Imewaka, fundi!" Ilikuwa inanitia uchungu mpaka natoka nje.

Na mgeni rasmi? Aliahirisha. Kwanza ratiba ilimbana. Kisha ratiba ikaachia, mahema yakawa hayajapatikana. Mahema yakapatikana, fulana za mradi zikaja zote za saizi ya watoto. Kila mara Evarist ananipigia simu: "Mama, tuvumilie kidogo, mgeni rasmi anakuja wiki ijayo." Siku alipokuja ofisini nikamwambia basi tuzitumie, mgeni akija tutazifuta vumbi. Akashtuka kama nimemwambia tumvue mgeni nguo. "Mama! Zitakuwa si mpya!" Nikamuuliza, "Kwani umezinunua zipulizie au ziposwe?" Vijana wa aina hiyo ukiwauliza swali hutazama simu.

Mzee Mnali akaweka mpaka wake. Maua yakitoka na salfa haijapigwa, shamba anampa yule bwana wa kukodi. Alimwambia Somoe mbele yangu, wala hakupandisha sauti.

Asubuhi moja niko ofisini Nachingwea, Somoe akaingia. Alikuja kwa baiskeli, magoti mekundu kwa vumbi. Hata shikamoo aliitoa haraka. Akaweka juu ya meza yangu kitawi cha mkorosho chenye vichipukizi vya maua, vidogo, vya rangi ya waridi.

"Mama, yameanza."

Nikasema, "Nimeona."

"Yule bwana jana amekuja kupima shamba kwa miguu, anacheka na mjomba." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti ilikuwa kavu. "Nimempigia kaka Evarist. Ameniambia wiki ijayo. Mama, mkorosho unamjua mgeni rasmi?"

Ufunguo mmoja wa stoo ya Chiola alikuwa nao Evarist. Wa pili ulikuwa kwenye droo yangu. Niliutoa, nikachukua kofia ya pikipiki, nikamwambia baiskeli iache hapa. Sikumpigia mtu yeyote. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kwa hasira, na Somoe nyuma anauliza, "Mama umesemaje?" nami namwambia, "Sisemi na wewe!"

Tulimkuta Fundi Hamisi na chaki yake. Nilipofungua stoo, wale vijana walisimama mlangoni wakaogopa kuingia. Ndivyo tulivyowalea. Nikaingia mwenyewe, nikashika nailoni ya mashine ya kwanza, nikaichana kwa meno kwa sababu mkasi haukuwepo. Fundi akasema, "Mama, watakuuliza." Nikamwambia, "Na waulize. Changanya petroli na oili, acha maneno."

Na hapo ndipo uongo wa ubao ulipojulikana. Wale waliokuwa wanajibu "imewaka, fundi" walivuta kamba mpaka jasho likawatoka, mashine kimya. Mmoja alisahau kufungua mafuta. Mwingine alimwaga salfa upande wa upepo, ikamrudia usoni, akakimbia anapiga kelele macho yanawaka. Somoe naye alivuta, akakosa, akavuta, akakosa, akakaa chini akalia kwa hasira, kisha akainuka. Fundi akamfundisha kusafisha plagi kwa msasa, safari hii plagi ya chuma, mkononi. Jua likiwa linapinda, mashine yake ikanguruma. Alipiga ukelele hata watoto wa shule wakatoka kuja kutazama.

Siku zilizofuata waliamkia kwenye shamba la mama yake, mapema, majani yakiwa bado na umande ili unga ushike. Salfa ilipanda kwenye ile mikorosho mirefu, ya manjano tupu, ikashuka kwenye nywele na nyusi zao. Walipomaliza hapo wakaitwa shamba la jirani, kisha la pili, kisha hawakuhitaji kuitwa, walikuwa wanagombewa. Mzee Mnali alikuja siku ya kwanza, akazunguka shamba zima mikono nyuma, akanyanyua tawi hili, akainamisha lile. Hakusema ahsante, si mtu wa ahsante. Lakini yule bwana wa kukodi alipokuja tena, alimwambia pale pale uani, "Shamba lina mwenyewe. Muone huyo mwenye nyusi za manjano."

Evarist alikuja baada ya habari kumfikia. Alishuka kwenye gari, akaziona mashine zimepangwa ukutani, za manjano, zimechubuka, moja mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akashika kichwa.

"Mama, umeniua. Tutapiga picha gani sasa?"

Nikamwambia, "Piga hizo zinazofanya kazi."

Akawageukia vijana, akawaambia zioshwe zote, ataleta nailoni nyingine, zifungwe upya kama zilivyokuwa. Naapa alisema hivyo. Somoe alikuwa anajaza tangi. Hakuinua hata kichwa. "Kaka, nikizifunga nailoni leo, kesho shambani kwa Mzee Nanguka nampulizia na mdomo?"

Niliandikiwa barua ya karipio. Nilitakiwa kueleza kwa nini nimekabidhi mali ya mradi bila mgeni rasmi. Maelezo yangu yalikuwa mafupi: kwa sababu maua hayakuahirisha. Wakaona nina kiburi, na walikuwa sahihi.

Msitake sasa nimalizie kwa kucheka, kwa sababu Mtua walitii. Ufunguo wa Mtua sikuwa nao, na mwenye nao alikuwa mtu wa nidhamu. Wale vijana waliendelea kuvuta upepo mpaka maua yakatoka, yakafunga majivu, yakadondoka. Msimu ukapita. Stoo ilipofunguliwa, panya walikuwa wamekula mipira ya mafuta na kuzaa ndani ya boksi, kwenye nailoni ile ile nzuri. Kulikuwa na kijana pale, Ng'itu, msikivu kuliko wote, ndiye aliyekuwa anajibu "imewaka" kwa sauti kubwa. Shamba lao lilikodishwa. Nilimkuta mwaka uliofuata anaokota korosho kama kibarua, chini ya mikorosho ya baba yake. Alinisalimia vizuri tu. Nilitamani anitukane.

Na mgeni rasmi hajaja mpaka leo. Mradi ulifungwa, Evarist akapandishwa, akaenda mkoa mwingine na tabasamu lake. Nasikia huko wanatengeneza sabuni ya maji.

Mimi nikastaafu. Mkaniandalia sherehe, na nilijua mmechanga mkaninunulia godoro, maana siri ofisini kwetu haijawahi kulala. Nikasubiri. Mkanipigia: "Mama, vumilia kidogo, mgeni rasmi ratiba imembana." Nikasema sawa. Mkapiga tena: wiki ijayo. Nikasema sawa. Na usiku nalala kwenye godoro langu lililobonyea kama mtumbwi, kiuno kinanilaani, huku jipya limesimama stoo ndani ya nailoni.

Juzi Somoe alikuja kunipulizia vimikorosho vyangu vya nyuma ya nyumba. Siku hizi ana toyo yake, pikipiki ya miguu mitatu, ya kubebea mashine, na wasichana wawili anaofanya nao kazi. Akaniona natembea nimejishika kiuno, akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama! Na wewe?"

Nilikwenda kuvaa viatu. Tulifika ofisini na toyo, inatoa moshi, salfa imetujaa. Mhudumu wa stoo akasema, "Mama, lakini bado hujakabidhiwa." Nikamwambia anisaidie kushika upande wa chini. Yule binti mpya wa ofisini, msiyemfundisha kitu ila kupanga viti, ndiye pekee aliyekuja kusukuma. Mtunzeni huyo, ana akili.

Nailoni niliichana pale pale uani, kwa meno, mbele ya madirisha yenu yote. Nimelilalia tangu juzi na ni zuri, ahsanteni sana. Mgeni rasmi akipata nafasi mleteni tu. Mtamkuta mlangoni Somoe anasubiri malipo yake ya salfa, na mimi mtanikuta nimelala.